Makato ya kadi za benki: Sheria za Ulaya zina maana gani kwa mlaji?

MTALII anapomaliza siku zake hotelini Arusha au Zanzibar na kutoa kadi ya benki ili alipe, si jambo geni kuambiwa kwamba akitumia kadi bei itapanda kwa asilimia kadhaa, bali akilipa taslimu bei itabaki ile ile. Wenyeji nao hukutana na maneno hayo kwenye maduka ya vifaa vya umeme, kwa mawakala wa tiketi za ndege na kwenye baadhi ya migahawa. Mwenye biashara naye ana utetezi wake. Benki inamkata, anasema, na mzigo huo hawezi kuubeba peke yake.

Nchini Ujerumani, Ufaransa au Hispania, mwenye duka akimtoza mwananchi wa huko nyongeza ya namna hiyo kwa kadi yake ya kawaida anavunja sheria. Tangu Januari 13, 2018, nchi za Umoja wa Ulaya zimepiga marufuku nyongeza hizo kwa kadi za watu binafsi. Ziliweza kufanya hivyo kwa sababu miaka miwili kabla zilikuwa zimeshaweka kikomo cha makato yenyewe.

Safari ya kufikia hapo ilichukua karibu miaka 20, ikapita mahakamani na ikazigusa benki kubwa kuliko zote. Mafunzo yake yanaihusu pia Afrika Mashariki, ambako malipo ya kadi na simu yanazidi kuchukua nafasi ya noti mfukoni.

Fedha inavyogawanywa

Malipo ya kadi yana pande nne: mteja, benki iliyompa mteja kadi, mfanyabiashara, na benki iliyompa mfanyabiashara mashine ya kupitisha kadi. Katikati yao imekaa kampuni yenye mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, inayounganisha benki hizo mbili na kupanga kanuni.

Tuchukue mfano. Mteja analipa Sh1,000,000 kwa kadi, na mkataba wa mfanyabiashara unasema atakatwa asilimia 3. Mteja ataona Sh1,000,000 imetoka katika akaunti yake, lakini mfanyabiashara atapokea Sh970,000. Zile Sh30,000 zitagawanywa mara tatu: fungu la benki ya mfanyabiashara, fungu la kampuni ya mtandao, na fungu linalorudi kwa benki iliyotoa kadi. Fungu hili la tatu ndilo ada ya baina ya benki, na pale ambapo hakuna sheria ya kulizuia mara nyingi ndilo kubwa kuliko mengine.

Kama faida ya mfanyabiashara huyo ni asilimia 10 ya mauzo, basi katika Sh1,000,000 alitarajia kubaki na Sh100,000. Makato ya Sh30,000 yamekula karibu theluthi ya faida yake. Ndiyo maana wengi huamua ama kuongeza bei kwa wote, ama kumtoza zaidi anayelipa kwa kadi, ama kuificha mashine chini ya kaunta na kusema mtandao haupo.

Tatizo kubwa ni kwamba ada ya baina ya benki haipangwi na mfanyabiashara wala mteja. Hupangwa na kampuni ya mtandao, na mwenye duka huletewa kama sehemu ya bei ambayo hawezi kuijadili. Kwa kawaida kanuni za mitandao pia humtaka anayepokea kadi moja yenye nembo fulani apokee kadi zote za aina hiyo zenye nembo hiyo, ziwe za makato madogo au makubwa.

Ushindani kwenye soko hili nao una tabia yake. Katika soko la nyanya, wauzaji wakiwa wengi bei hushuka. Katika soko la kadi mambo yanaweza kwenda kinyume. Mitandao hushindania benki za kutoa kadi zao, na benki huvutiwa na mtandao unaoziletea ada kubwa zaidi. Kwa hiyo ushindani unaweza kupandisha makato badala ya kuyashusha.

Mwisho wa yote, mzigo unaingia kwenye bei ya bidhaa. Anayelipa taslimu kwa sababu hana hata akaunti ya benki anachangia gharama ya kadi za wengine, zikiwamo pointi na zawadi ambazo benki huwapa wateja wao wenye kipato kizuri.

Kadi ilikotoka

Kadi za malipo za kisasa zina historia isiyo ndefu sana. Diners Club ilianza New York mwaka 1950. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 kwa posta bila wao kuziomba. Mpango huo uliitwa BankAmericard, na mwaka 1976 ukabadilishwa jina kuwa Visa. Mshindani wake alizaliwa mwaka 1966 wakati benki nyingine zilipoungana, na baadaye akawa MasterCard.

Siku hizo ada ya baina ya benki ilikuwa na hoja ya msingi. Benki iliyotoa kadi ilibeba hatari ya mteja kutolipa na gharama za karatasi na ulaghai, na ilihitaji kufidiwa ili iendelee kugawa kadi. Mfumo ulikuwa mchanga, na bila kadi nyingi mikononi mwa watu hakuna duka ambalo lingehangaika kununua mashine.

Swali lililokuja baadaye ni kama ada iliyokuwa ya kuotesha mche inapaswa kuendelea wakati mti umeshakomaa na kompyuta zimeshusha gharama.

Ulaya yaingia vitani

Hatua ya kwanza ya Ulaya haikugusa maduka. Kanuni iliyopitishwa mwaka 2001 iliziamuru benki kuacha kumtoza mteja zaidi kwa sababu tu amevuka mpaka. Kuanzia Julai 1, 2002, Mfaransa aliyetoa euro kwenye ATM ya Italia alipaswa kutozwa sawa na anavyotozwa kwao.

Kesi kubwa ilikuwa imeanza kabla ya hapo. Mwaka 1997, EuroCommerce, jumuiya inayowakilisha wafanyabiashara wa rejareja na jumla barani humo, ilipeleka malalamiko Tume ya Ulaya kuhusu ada za baina ya benki. Baada ya miaka 10, Desemba 19, 2007, Tume iliamua kwamba ada za MasterCard kwa malipo yanayovuka mipaka zinakiuka sheria za ushindani, kwa kuwa zinaweka sakafu ambayo makato ya mfanyabiashara hayawezi kushuka chini yake.

MasterCard ilikata rufaa. Mwaka 2009, huku kesi ikiendelea, ilikubali kushusha ada hizo hadi asilimia 0.2 kwa kadi za debiti, yaani zile zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti, na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Mwaka 2012 ilishindwa katika Mahakama Kuu ya Umoja huo, na Septemba 11, 2014, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikafunga mjadala kwa kukubaliana na Tume.

Mwaka uliofuata viwango hivyo viliwekwa kwenye sheria. Kanuni namba 751 ya mwaka 2015 ilieleza kuwa kuanzia Desemba 9, 2015, ada ya baina ya benki isizidi asilimia 0.2 kwa debiti na asilimia 0.3 kwa mkopo. Kwa manunuzi ya euro 100, hiyo ni senti 20 au 30 tu. Kadi za kampuni na mitandao ambayo yenyewe ndiyo hutoa kadi na kuwahudumia wafanyabiashara, kama American Express, ziliachwa nje ya kikomo hicho.

Kwa nini 0.2 na 0.3? Mantiki yake ilitokana na kazi ya wachumi wa Ufaransa Jean-Charles Rochet na Jean Tirole, ambaye alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2014. Kipimo chao kinajulikana kama jaribio la mtalii. Mteja amesimama kaunta, ana fedha taslimu na kadi, na hatarudi tena dukani hapo. Je, mwenye duka angependa alipe kwa ipi? Makato yakiwa makubwa kuliko gharama ya kuhesabu, kulinda na kupeleka noti benki, atataka noti. Makato yaliyo sahihi ni yale yanayomfanya asijali apewe kipi.

Australia na Marekani

Ulaya haikuwa ya kwanza. Mwaka 2003 Benki Kuu ya Australia ilizishusha ada za kadi za mkopo kutoka wastani wa asilimia 0.95 hadi karibu asilimia 0.55, na kuwaruhusu wafanyabiashara kutoza nyongeza kwa anayelipa kwa kadi. Benki zilijibu kwa kupandisha ada za mwaka za kadi na kupunguza pointi za zawadi.

Nchini Marekani, sheria ya mageuzi ya fedha ya mwaka 2010 ilikuwa na kifungu kilichopewa jina la Seneta Dick Durbin. Kuanzia Oktoba 1, 2011, benki zenye rasilimali za dola bilioni 10 au zaidi ziliwekewa kikomo kwa kadi za debiti: senti 21, pamoja na asilimia 0.05 ya bei, na senti 1 ya kupambana na ulaghai. Kabla ya hapo wastani ulikuwa senti 44 kwa muamala. Kwa manunuzi ya dola 40, ada ikawa senti 24.

Matokeo yalikuwa na pande mbili. Maduka makubwa yalipumua. Kwa muuza kahawa au magazeti ilikuwa shubiri. Awali malipo madogo yalikuwa na kiwango chake cha chini, lakini baada ya sheria mitandao iliyapandisha hadi kwenye kikomo. Kwa bidhaa ya dola 2, senti 21 ni zaidi ya asilimia 10 ya bei. Dari iliyojengwa kumlinda mnyonge ikageuka sakafu.

Benki nazo zilitafuta pa kufidia. Akaunti zisizo na ada ya mwezi zilipungua. Bank of America ilitangaza kuwa itawatoza wateja dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi ya debiti, lakini hasira ya umma ikailazimisha kufuta mpango huo Novemba 1, 2011.

Je, mlaji alifaidika?

Hapa ndipo penye ugomvi hadi leo. Wafanyabiashara husema makato yakishuka bei hushuka. Benki husema wenye maduka huweka tofauti mfukoni, na mteja hubaki akilipa ada nyingine za akaunti.

Ukweli upo katikati. Tathmini ya Tume ya Ulaya ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa baada ya kikomo wafanyabiashara waliokoa takriban euro bilioni 1.2 kwa mwaka. Lakini ada za baina ya benki zilikuwa zimeshuka kwa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Sehemu iliyobaki ilinasa njiani, kwa benki za wafanyabiashara na kwa kampuni za mitandao.

Kinachofika kwa mlaji hutegemea ushindani wa maduka. Supamaketi zinazogombea wateja kwa senti moja moja hulazimika kushusha bei, lakini mwenye duka pekee kijijini hana haraka hiyo. Tena hakuna mteja anayeweza kuona kwa macho kuwa mkate umekuwa nafuu kwa asilimia 0.3. Ada ya akaunti iliyopanda huiona mara moja kwenye taarifa yake ya benki.

Kasoro nyingine ni kwamba sheria imeziba bomba moja tu. Ada ambazo kampuni za mitandao hujitoza zenyewe hazikuwekewa kikomo. Ripoti ya mdhibiti wa mifumo ya malipo wa Uingereza iliyotolewa Machi 2025 ilieleza kuwa ada za Visa na Mastercard kwa upande wa wafanyabiashara zilipanda kwa angalau asilimia 25 tangu mwaka 2017.

Uingereza hiyo hiyo imeonyesha pia kinachotokea sheria inapoondoka. Ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, malipo ya intaneti kati yake na nchi za Umoja huo hayakulindwa tena na kile kikomo. Kuanzia Oktoba 2021 ada iliruka kutoka asilimia 0.2 hadi 1.15 kwa debiti, na kutoka 0.3 hadi 1.5 kwa mkopo. Kadi na kompyuta zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mpaka wa sheria.

Afrika Mashariki inahusikaje?

Viwango hivyo vipya havikutoka hewani. Ndivyo vinavyowahusu Watanzania, Wakenya na wengine wote wenye kadi zilizotolewa nje ya Ulaya. Aprili 2019, Tume ya Ulaya ilizibana Visa na Mastercard zikubali kikomo kwa kadi za kigeni zinazotumika huko. Mgeni akilipa dukani ana kwa ana, ada ya baina ya benki isizidi asilimia 0.2 kwa debiti na 0.3 kwa mkopo. Akilipa kwa intaneti, isizidi asilimia 1.15 na 1.5. Mwaka 2024 kampuni hizo zilikubali kuendelea na ahadi hizo hadi mwaka 2029.

Kwa mkulima wa maua wa Naivasha au wa mboga wa Arusha anayeagiza vipuri vya pampu ya umwagiliaji kutoka Uholanzi na kulipa kwa kadi yake binafsi kwenye intaneti, maana yake ni kwamba muuzaji wa Uholanzi anakatwa kidogo kuliko zamani. Mkulima hafaidiki moja kwa moja. Ada ambayo benki yake inamtoza kwa kubadilisha shilingi kuwa euro haikuguswa na makubaliano hayo, na mara nyingi hiyo ndiyo inayomuumiza zaidi. Pia katazo la nyongeza linawalenga wenye kadi za Ulaya, hivyo asishangae akitozwa zaidi.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Mtalii wa Ujerumani akilipa kwa kadi yake hotelini Zanzibar, au akinunua kahawa iliyokaangwa Moshi kupitia intaneti, kikomo cha Ulaya hakifanyi kazi, kwa kuwa benki ya mfanyabiashara haiko Ulaya. Mwenye hoteli anakatwa kwa viwango vya kimataifa, wakati mwenzake wa Mallorca akimpokea mtalii yule yule anakatwa kidogo. Wote wawili wanauza fukwe na jua kwa wateja wale wale.

Juu ya makato hayo kuna kodi. Nchini Tanzania, ada za huduma za kibenki ziliingizwa kwenye VAT kuanzia Julai 2016, na hapo ukazuka mjadala mkali kama anayebeba mzigo ni benki au mteja. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa asilimia 15 kwa ada za kutuma fedha, iwe kwa benki au kwa simu.

Njia nyingine

Baadhi ya nchi zimeamua kutopigana na mitandao ya kigeni na kujenga barabara yao wenyewe. India ilianzisha mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, UPI, mwaka 2016, na kuanzia Januari 1, 2020, ikaondoa kabisa makato kwa wafanyabiashara wanaopokea malipo hayo na kadi za debiti za RuPay, ambazo ni za nyumbani. Brazil ilifuata na mfumo wa Pix Novemba 2020. Nigeria ilizindua kadi yake, AfriGo, Januari 2023.

Hata hivyo, cha bure nacho kina gharama. Serikali ya India imelazimika kutenga fedha za kuzifidia benki, maana kompyuta, usalama na watumishi lazima vilipiwe na mtu.

Afrika Mashariki ilianza mapema kwa njia yake. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kenya ina PesaLink ya mabenki tangu mwaka 2017, na Benki Kuu ya Tanzania ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na kampuni za simu. Mifumo hii humpa mfanyabiashara njia mbadala, na aliye na njia mbadala ana nguvu ya kujadili bei. Lakini fedha za simu nazo zina makato yake, na maswali ya Ulaya yanarudi pale pale: nani anapanga bei, kwa gharama ipi, na nani anamlinda asiye na sauti?

Wanachoweza kufanya sasa

Wakati sera zikisubiriwa, mfanyabiashara anaweza kuanza na mkataba wake. Aiombe benki imchanganulie makato: kiasi gani ni ada ya baina ya benki, kiasi gani ni cha mtandao, na kiasi gani ni cha benki yenyewe. Fungu la mwisho ndilo linalojadilika, hasa kwa mwenye mauzo makubwa au anayeweza kuhamia benki nyingine. Wenye biashara ndogo wakienda kwa kikundi au ushirika huwa na sauti zaidi ya kwenda mmoja mmoja.

Mlaji naye asome orodha ya ada kabla ya kuchukua kadi: ada ya mwaka, ya kutoa fedha kwenye ATM ya benki nyingine, na ya kubadilisha fedha za kigeni. Akiwa safarini na mashine ikamuuliza kama anataka kulipa kwa fedha ya nyumbani kwake, kwa kawaida ni nafuu kuchagua fedha ya nchi aliyopo, kwa sababu kiwango kinachotolewa na mashine huwa kimeongezwa chumvi. Ulaya ilipitisha sheria mwaka 2019 kuzilazimisha benki kuonyesha nyongeza hiyo waziwazi kwa fedha za nchi zake.

Kwa wadhibiti wa Afrika Mashariki, somo la miaka hiyo yote ni kwamba kupunguza ada moja bila kuangalia nyingine ni sawa na kukanyaga puto: linabonyea huku na kutuna kule. Ulaya ilianza kwa kudai takwimu kutoka kwenye benki na mitandao, ikajua gharama halisi, ndipo ikaweka kikomo na kupiga marufuku nyongeza dukani. Ikipigwa marufuku nyongeza kabla makato hayajashuka, mwenye duka atakachofanya ni kurudisha mashine chini ya kaunta, na mteja ataendelea kuambiwa kuwa mtandao haupo.